Faksi Iliyolala Chini ya Kitambaa

Kwenye mazishi ya Ramadhani mimi sikulia. Nilibeba jeneza kwa bega la kushoto kutoka msikitini mpaka kwenye gari, na kitu pekee ninachoweza kusema kwamba nilikisikia siku ile ni hilo bega. Siku ya tatu, baada ya hitima, tulikaa kwa binti yake Mwajuma, mtaa wa Kinama, kwenye chumba cha mbele chenye viti vya plastiki vya kuazima. Sahani za pilau zilipita mikononi. Seremala wa jirani aliendelea kupiga misumari yake kama kawaida, na sikumlaumu, ana kazi ya watu. Mwajuma alikuja akapiga goti mbele ya kiti changu, kama wanavyofanya watoto waliolelewa, akanipa mfuko mdogo wa nailoni. "Baba mudogo," akasema, "hii ilikuwa mu sanduku ya baba. Wakati maji iliingia kule Gatumba, alitoka na sanduku moja tu kichwani. Kitanda aliacha, nguo aliacha. Hii alibeba. Sisi hatujui ni ya nini. Alisema wewe unajua." Niliangalia. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ina madoa ya maji, na kwenye ukingo wake mmoja kuna vitundu vidogo vimepangana mstari, vile vya karatasi za mashine za kuchapa za kompyuta za zamani. Sikuhitaji kuikunjua. Niliiweka juu ya paja, na juu yake nikaweka kofia yangu.

Ya wazazi wangu na nilikozaliwa sitayaandika hapa, hayakunisaidia kitu katika haya. Ninaoujua ni mwaka mmoja. Watu wananijua leo kwa karakana zangu mbili na duka la vifaa vya umeme pale mjini. Vijana waliotoka chuo na diploma zao wananiita Patroni, na mimi ninawasahihisha kazi kwa kusikiliza tu mlio wa mashine. Shule niliiacha darasa la tatu, na hayo matatu yenyewe nilikaa nyuma nikitazama dirisha. Kila nilicho nacho nilikitoa kwenye vidole hivi. Sasa ninasoma gazeti la Kifaransa, polepole, mpaka mwisho. Lakini mwaka ninaouandika, nikiwa na miaka ishirini na minne, nilikuwa sijui kusoma. Namba nilizijua. Rangi za vipande vya redio nilizijua kuliko majina ya majirani. Herufi, hapana. Na hakuna mtu aliyejua, kwa sababu fundi akishika bisibisi hakuna anayempa kitabu. Nikiletewa karatasi nilisema mikono ina mafuta, nisomee. Mji ulikuwa na mengine makubwa ya kuogopa mwaka ule. Wengine wameyaandika. Mimi ninaandika haya.

Biro, ofisi tuliyofanyia kazi, ilikuwa karibu na bandari, chumba kimoja kirefu chenye dirisha la chuma linalotazama ukuta wa ghala. Kazi ya pale ilikuwa kutoa mizigo ya watu forodhani, inayoingia kwa meli za Kigoma na inayokwenda Kongo. Meza ya Patroni wa wakati ule, mwenye biro, ilikuwa mwisho kabisa, chini ya kalenda. Meza ya Madamu Generoza, sekretere, ilikuwa katikati, na juu yake telefoni nyeusi, mihuri, na ndani ya mtoto wa meza uzi wa kufuma, maana mwanamke yule hakuweza kukaa dakika mbili bila kufuma kitu. Karibu na mlango kulikuwa na meza ya Ramadhani, aliyekuwa deklara, mtu wa kuandika na kupeleka makaratasi ya mizigo forodhani. Mimi sikuwa na meza. Niliitwa siku moja kutengeneza feni, nikabaki. Nilikaa kwenye boksi la mbao la sabuni kando ya prizi za umeme, na nilitengeneza kila kitu kilicholia, kilichozunguka au kilichowaka.

Saa nne tulikunywa chai. Mama mmoja wa mtaa wa Buyenzi alileta birika na mandazi kwenye beseni lililofunikwa kanga, na hiyo nusu saa ndiyo iliyonifundisha mji kuliko mtaa wowote. Generoza alizungumzia wakwe zake. Ramadhani alizungumzia mpira na mama yake. Mama yake alikuwa Kigoma, kwa dada yake, na tangu mwanzo wa mwaka alikuwa anaumwa tumbo lililovimba. Kupiga simu Kigoma ilikuwa kazi ya asubuhi nzima, na mara nyingi ulisikia tu upepo. Lakini wakala tuliyefanya naye kazi kule alikuwa na faksi, na Ramadhani alikuwa amepatana naye: mama akizidiwa, dada aandike barua, wakala aitume kwenye faksi yetu pamoja na makaratasi ya mizigo. "Mi siombi kitu kingine," Ramadhani alikuwa akisema, anachovya andazi. "Waniambie tu. Meli iko hapa kila wiki, manahodha wote wananijua. Napanda na nguo hii nimevaa." Generoza akimjibu: "Na hiyo suruali umekalia andazi?" Wakicheka. Ramadhani alicheka kwa mabega, bila sauti.

Faksi ya kwanza ilikuwa mashine ya karatasi ya kuzungushwa, ile laini inayong'aa. Ikilia, karatasi ilitoka yenyewe taratibu kama ulimi, ikakatika, ikadondoka kwenye kikapu. Hata kipofu angejua kuna barua. Ubaya wake ni kwamba maandishi yalififia. Ukiiacha karatasi juani wiki mbili, inabaki nyeupe kama haijawahi kuandikwa, na afisa wa forodha anaisukuma mezani: hii ni nini, nipige muhuri juu ya hewa? Baada ya kukataliwa mara kadhaa, Patroni alichoka. Akaagiza kompyuta. Sisi tulisema oridinateri. Ilifika kwa meli ndani ya maboksi manne, moja la kioo, moja la mwili wake, moja la mashine ya kuchapa, na kiboksi kidogo chenye taa nyekundu, modemu, ambayo ndiyo ingeunganisha oridinateri na waya wa simu ili faksi ziingie humo na zitoke kwenye karatasi ya kawaida, kwa wino usiofifia. Mtu aliyeiuza aliahidi kuja kuifunga. Hakuja. Patroni akanitazama pale kwenye boksi langu la sabuni. "Masudi. Utaweza?" Nikasema: "Ni waya tu, Patroni."

Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza. Hilo ndilo lililoniokoa, maana biro nzima hakuna aliyejua Kiingereza, tukawa sote vipofu sawasawa, na katika vipofu mwenye vidole alikuwa mimi. Kichwa cha waya wa modemu hakikuingia kwenye tundu letu la simu, lile kubwa la zamani. Nikakikata. Ndani kulikuwa na nyaya nne, nikazijaribu moja moja, nikakuta mbili tu ndizo zenye uhai, nikazichomea kwa risasi ya kulehemu kwenye tundu letu na kufunga kwa utepe mweusi. Faksi ya zamani niliing'oa, kwa sababu mashine mbili kwenye waya mmoja zitagombana nani aitikie. Upande wa oridinateri, maneno ya kwenye kioo yalikuwa ya Kifaransa. Hapo ndipo wengine wangeweza kunisaidia, na hapo ndipo sikutaka mtu anisogelee. Nilisema: "Musiguse, itaharibika." Nikakaa nayo siku tatu. Nilishika kila kitu kwa mahali pake: picha ya tatu kutoka kushoto, mstari wa pili kwenda chini, kisanduku kidogo unachokitia alama. Siku ya tatu Patroni alikwenda ghala la jirani akatutumia faksi. Modemu ikaita, ikapiga filimbi, ikakoroma kama mtu mwenye mafua, ikanyamaza. Kisha mashine ya kuchapa ikaanza yenyewe, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ikatoa karatasi. Ramadhani alinishika mkono akauinua juu kama wa bondia. "Huyu mutu hakusoma," akasema, "lakini angalia!" Alimaanisha sikufika sekondari. Mimi nilisikia kingine, halafu nikacheka nao.

Generoza alifuma kitambaa. Kwa kweli alikuwa ameanza siku maboksi yalipofika: cheupe, chenye maua ya manjano, na ukingo wa vishada. Nyumba zote za mji huu zilikuwa hivyo, redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, na kitu cha thamani kisichofunikwa kinasema mwenyewe hana adabu. Vumbi la bandari nalo halikuwa la mchezo, saruji, unga, chumvi. Mimi nilikubali haraka kuliko wote. Kioo kikifunikwa hakuna atakayekisoma, na hakuna atakayeniuliza kimeandika nini. Basi kila asubuhi niliwasha, nikabonyeza pale ninapopajua, nikashusha kitambaa mpaka chini. Oridinateri ilifanya kazi gizani, filimbi, karatasi, filimbi, karatasi, na watu wa biro nyingine walikuja kuitazama wakakuta maua ya manjano.

Ijumaa moja umeme ulikatika wakati tuko msikitini. Niliporudi niliwasha upya, nikabonyeza picha yangu ya tatu, kila kitu kikaonekana mahali pake. Kuna maneno yalijitokeza katikati ya kioo. Yalikuwa yakijitokeza kila mara nikizima na kuwasha, na mimi kila mara nilibonyeza kitufe kile kile yakaondoka. Nikashusha kitambaa.

Jumatatu, saa ya chai, Ramadhani alikuwa amekaa kwenye kona ya meza ya Generoza na kikombe mkononi. Nakikumbuka kikombe, cha bati, cha kijani, kimebanduka mdomoni. Modemu ikaita mara mbili, ikapiga filimbi, ikakoroma, ikanyamaza. Tukageuka wote kutazama mashine ya kuchapa. Haikutikisika.

"Fundi," Ramadhani akasema, "mbona haitoe kitu?"

Mimi sikujua. Ningeweza kusema hivyo, ni neno moja. Ningeweza kuinua kitambaa, na yeye aliyesoma Kifaransa angeona kwa jicho moja kilichoandikwa pale. Nilimeza andazi. "Mutu amekosea numero," nikasema.

"Amekosea numero na filimbi?" Generoza akauliza. "Mutu gani anatembea na filimbi?"

"Refa," Ramadhani akasema. "Refa amekosea uwanja." Akacheka kwa mabega, chai ikamwagika kidogo kwenye kiatu. "Lakini iko kitu ya Kigoma, fundi? Leo ni siku yao."

"Apana," nikasema. "Hakuna."

Wiki ile filimbi ililia mara kadhaa, na kila mara nilitoa sababu. Waya umeingia maji. Simu za Kigoma zimeharibika. Nilizitoa bila kufikiri, na kila moja ilinifanya nione aibu kusema kingine baadaye. Jumatano meli iliondoka. Nilikuwa bandarini nimefuata betri za nahodha, kwa hiyo niliona mwenyewe. Ramadhani alisimama ukingoni na makaratasi yake, akipiga muhuri juu ya goti, na nahodha akamwita kutoka juu: "We Rama, hauji? Kitanda kiko!" Ramadhani akanyanyua mikono mitupu. "Hakuna aliyeniita," akasema. "Nikienda bila kuitwa mama atafikiri anakufa." Wale makuli waliokuwa wanafungua kamba walicheka. Meli ikasogea hatua moja kutoka ukutani, halafu mbili, halafu huwezi tena kuruka. Mimi nilikuwa nimebeba betri tupu, nzito, nikaondoka.

Jumatatu ya pili Patroni aliingia akiwa amekasirika. Mteja anasema ametuma makaratasi ya mzigo siku nne zilizopita, mzigo umekaa, yako wapi? Nikasema mashine haijapokea. Patroni akaenda mwenyewe, akakamata kitambaa kwa kishada kimoja, akakivuta. Generoza akainama kwenye kioo na miwani yake. Alisoma kwa sauti, kwa Kifaransa, halafu akatuambia: "Ziko humu. Saba. Zimepokelewa, hazikuchapwa." Hakunitazama. Alibonyeza kitu, sikuona nini, na mashine ikaanza kwenda na kurudi.

Mbili za kwanza zilikuwa za mizigo. Ya tatu ilikuwa ya mkono, herufi kubwa zimeinama. Ramadhani aliutambua mkono wa dada yake kabla mstari wa kwanza haujaisha, akasogea akasimama juu ya mashine, na tuliona akisoma kadiri inavyotoka, mstari kwa mstari. Akaichana kwenye vitundu vyake. Alikuwa na uso wa mtu mwenye haraka. "Ananiulizia," akasema. "Patroni, nipe ruhusa, Jumatano napanda." Patroni akasema nenda, nenda hata leo kwa barabara. Ramadhani akachukua koti lake nyuma ya mlango. Mashine haikuwa imenyamaza. Ilitoa ya nne, ya sukari. Ilitoa ya tano, na ya tano nayo ilikuwa ya mkono, fupi, mistari mitatu. Yeye alikuwa ameshatia mkono mmoja kwenye koti. Generoza ndiye aliyeisoma kwanza, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayefunika chakula. "Rama," akasema. "Kaa chini kwanza." Hakukaa. Alisoma akiwa amesimama, mkono mmoja ndani ya koti na mmoja nje. Mama alikuwa amezikwa Ijumaa, alasiri.

Nilitakiwa kusikia kitu. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka nilisikia nini, na ninachopata ni harufu ya utepe wa wino wa mashine, na kwamba mandazi ya siku ile yalikuwa na iliki. Mashine ilitoa ya sita na ya saba. Patroni aliniuliza imekuwaje. Nikasema: "Umeme ulikatika Ijumaa ile, Patroni, oridinateri ikachanganyikiwa." Ilikuwa kweli, na kila neno nililichagua. Ramadhani alinitazama kwa muda, bila hasira ninayoweza kuisema. Kisha akazikunja karatasi zote mbili, akazitia mfuko wa shati, akatoka. Koti lilikuwa bado limening'inia upande mmoja.

Kwake Buyenzi walikaa matanga ya mbali, ya maiti aliyezikwa kwingine, siku tatu. Nilipeleka sukari kilo tano, nikakaa mkekani na wanaume. Tulikula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, na yeye mwenyewe, mfiwa, aliniongezea kwenye sahani kwa mkono wake. Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wanaongea bila kujua pazia ni jembamba. "Alikuwa anamuita kwa jina mpaka Alhamisi," mmoja akasema, "wanasema alikuwa anamuita." Mwingine akasema: "Na meli ya Jumatano ilikuwa hapa. Yeye mwenyewe aliipigia muhuri." "Basi hawakumuandikia?" "Walimuandikia. Iliingia mu mashine." "Mashine gani inakula barua ya mama wa mutu?" Ramadhani alisikia, nilijua amesikia, maana aliacha kutafuna. Akamwita mkewe kwa sauti ya kawaida, kwa upande wa pazia: "Mama Idi, leteni maji." Pale ndipo ningesema. Chumba kilikuwa kidogo, ningesema na kila mtu angesikia mara moja, ikaisha. Nilimaliza ndagala zangu. Niliomba udhuru nikaenda.

Aliporudi kazini, asubuhi ya kwanza kabisa, kabla ya chai, alivuta kiti chake mpaka kwenye boksi langu la sabuni. Aliinua kitambaa akakikunja vizuri akampa Generoza. "Fundi," akasema, "washa, tuangalie pamoja." Nikawasha. Yale maneno yakajitokeza katikati ya kioo na kidole changu kikaenda kwenye kitufe chake. Akanishika kidole. "Ngoja. Hapa inakuuliza kama iweke akiba ile ulipanga. Ukibonyeza hii unasema apana. We unaiambia apana kila siku, na umeme ukikatika inasahau kuchapa." Halafu akaweka kidole changu, cha kwangu, juu ya kioo, chini ya neno la kwanza. "Sema na mi. Enregistrer. Weka akiba." Nikasema. Hakuniuliza kama najua kusoma. Hakuniuliza siku ile wala siku nyingine. Kesho yake alileta kipande cha karatasi na maneno manne kwa herufi za kuachana: imepokelewa, imetumwa, inangoja, imeshindikana, kwa Kifaransa chake. Wiki ya pili maneno kumi. Alinifundisha dakika chache kila asubuhi, kana kwamba tunakagua mashine, na Generoza alifuma akiwa ameinamisha kichwa zaidi ya kawaida. Kufika mwisho wa mwaka nilikuwa nasoma majina ya meli kutoka ukingoni. Niliacha kazi nikafungua karakana yangu ya kwanza, na kibao chake niliandika mwenyewe. Kila nilichojenga baadaye kilianzia hapo, mikataba, leseni, barua za benki. Nimewaambia watu wengi kwamba nilijifundisha kusoma peke yangu. Nimewaambia hivyo mbele ya Ramadhani, kwenye harusi ya mwanangu, na yeye alikuwa mezani anakula.

Haya yote yalipita mimi nimekaa kwa Mwajuma na kofia juu ya paja. Pilau ilikuwa imeisha, wageni wamepungua. Nikaondoa kofia, nikaitoa karatasi kwenye nailoni, nikaikunjua. Sikuwahi kuisoma. Siku ile sikuweza, na baada ya kuweza sikuiona tena. Maji ya Gatumba yalikuwa yameichafua lakini wino ulikuwa umekaa. Ndio tulioutafuta mwaka ule, wino usiofifia. Dada yake aliandika hivi: Kaka Rama, mama amezidi tangu juzi, hali chakula, anakuulizia wewe, anasema uje kabla. Panda meli ya Jumatano, usingoje nyingine. Basi. Hata sahihi hakuweka.

Juu kabisa kulikuwa na mstari mdogo wa mashine, ule ambao faksi zote hubeba kichwani, siku na saa ya kufika. Namba nilizijua tangu zamani. Jumatatu, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Nikakiona kikombe cha kijani. Nikamsikia akisema refa amekosea uwanja. Alikuwa amesimama juu ya mashine siku ile akisoma mstari kwa mstari kadiri unavyotoka, na mstari huo ndio uliotoka wa kwanza. Alijua kabla ya kujua mama anasema nini. Alijua alipoongeza ndagala kwenye sahani yangu, na alipokishika kidole changu.

Mwajuma alikuja na chai. Aliiweka sakafuni kando ya mguu wangu, akaona karatasi iko wazi. "Baba mudogo, ni ya bibi, si ndiyo? Tulisoma. Lakini baba aliitunza kwa nini? Barua ya mazishi yenyewe hakuitunza. Hii tu."

Nikasema: "Iliingia saa ya chai. Baba yako alikuwa pale, mi nilikuwa pale. Akaniuliza iko kitu ya Kigoma. Nikamuambia apana. Nikasema mutu amekosea numero." Sauti ilitoka ya kawaida, kama ninayeeleza redio imeungua wapi. "Mi nilikuwa sijui kusoma, Mwajuma. Nilikuwa naona haya kuinua kitambaa. Meli ya Jumatano ikaenda."

Nilitazama mikono yake, nikidhani itachukua karatasi, haikuichukua. Alisimama taratibu, akaegemea mlango wa uani ambako kaka zake walikuwa wanakunja mikeka. "Idi," akaita. "Idi, Saidi, kujeni hapa ndani." Wakaja, watu wazima wawili wenye mvi za kwanza, wakajifuta mikono, wakakaa kwenye viti vya plastiki vilivyobaki, mmoja ana mabega ya baba yake. Mwajuma akafunga mlango wa mbele, misumari ya seremala ikasikika kwa mbali.

"Rudia, baba mudogo," akasema. "Nao wasikie."

Nikaiweka karatasi juu ya meza, wazi, mstari wa juu ukiwatazama wao. Nikaanza tena, kutoka kwenye maboksi manne.